Uzoefu wangu: kulinda foleni ya RabbitMQ kati ya huduma mbili za wavuti

Mpangilio ninaouelezea una huduma mbili za Python. Ya kwanza, malipo, hupokea taarifa za malipo ya simu na kuziweka kwenye foleni. Ya pili, risiti, huzichukua na kumtumia mteja SMS. Katikati ipo RabbitMQ, programu inayopokea ujumbe, kuuhifadhi kwenye foleni na kuukabidhi kwa anayeusoma, kwenye seva yake. Wengi wakishawasha TLS (usimbaji wa mawasiliano kwa vyeti) huona kazi imekwisha, nami siafiki hata kidogo. TLS humzuia aliye njiani asisome ujumbe, lakini haisemi huduma ipi iguse foleni ipi. Ndiyo maana mimi huanza na ruhusa, vyeti baadaye.

Mtumiaji guest anayekuja na programu haruhusiwi kuingia kutoka nje ya seva yenyewe tangu toleo la 3.3.0. Miongozo mingi ya mtandaoni hukuonyesha namna ya kuondoa kizuizi hicho. Usikiondoe. Mfute guest, kisha tengeneza hosti pepe moja (eneo lililotengwa ndani ya RabbitMQ, lenye foleni zake) na mtumiaji mmoja kwa kila huduma:

rabbitmqctl delete_user guest
rabbitmqctl add_vhost malipo
rabbitmqctl add_user malipo
rabbitmqctl add_user risiti

Sikuandika nywila kwenye amri hizo makusudi. Ukiiacha, rabbitmqctl itakuuliza, na nywila haitabaki kwenye historia ya amri zako. Ruhusa huandikwa kwa mpangilio wa kuunda, kuandika, kusoma, na '^$' humaanisha hakuna. Hapa malipo.matukio ni eksichenji, yaani sehemu inayopokea ujumbe na kuupeleka kwenye foleni, na risiti.sms ni foleni inayosomwa na risiti:

rabbitmqctl set_permissions -p malipo malipo '^$' '^malipo\.matukio$' '^$'
rabbitmqctl set_permissions -p malipo risiti '^$' '^$' '^risiti\.sms$'

Alama ^ na $ si mapambo, zinafunga mwanzo na mwisho wa jina. Bila hizo RabbitMQ hutafuta ruwaza (maandishi ya kulinganisha) popote ndani ya jina, kwa hiyo ukiandika risiti peke yake umefungua pia risiti-za-zamani na majaribio-ya-risiti. Hatari nyingine imejificha kwenye eksichenji ya msingi, ile isiyo na jina. Katika ruhusa inaitwa amq.default, na mwenye haki ya kuiandikia anaweza kutupa ujumbe kwenye foleni yoyote ya hosti pepe hiyo kwa kutaja jina lake tu. Mifano ya wanaoanza karibu yote hutuma kupitia hiyo. Kwenye huduma inayogusa fedha, tuma kupitia eksichenji yenye jina, hapa malipo.matukio, na uiache amq.default imefungwa.

Kwa kuwa huduma zote mbili hazina haki ya kuunda chochote, eksichenji, foleni na kiungo kati yao huundwa na mtumiaji wa tatu anayetumika wakati wa kusimika mfumo pekee. Hapa watu hukwama sana: msimbo wa huduma ukiita queue_declare kwa mazoea, unarudishiwa 403 ACCESS_REFUSED hata kama foleni ipo tayari. Weka passive=True (kuuliza tu kama foleni ipo), au ondoa mstari huo kabisa. Faida yake ni kubwa. Huduma haiwezi tena kubadilisha sifa za foleni, na lile kosa la 406 PRECONDITION_FAILED, linalotokea matoleo mawili ya msimbo yanapotangaza foleni moja kwa sifa tofauti, halitaipata tena huduma yako. Ukibadilisha ruhusa, anzisha upya muunganisho wa huduma, maana RabbitMQ inaweza kuendelea kutumia majibu ya zamani kwenye muunganisho uliopo.

Sasa TLS. Kwenye rabbitmq.conf naweka hivi:

listeners.tcp = none
listeners.ssl.default = 5671
ssl_options.cacertfile = /etc/rabbitmq/tls/ca.pem
ssl_options.certfile = /etc/rabbitmq/tls/seva.pem
ssl_options.keyfile = /etc/rabbitmq/tls/seva.key
ssl_options.verify = verify_peer
ssl_options.fail_if_no_peer_cert = true

Mstari wa kwanza unafunga poti 5672 isiyosimbwa. Bila huo, 5671 inafunguka na 5672 inabaki wazi, na huduma iliyosanidiwa vibaya itaendelea kupita huko bila mtu kujua. Mstari wa mwisho nao usiuache: verify_peer pekee hukagua cheti kikiletwa, lakini asiyeleta cheti huachwa apite. Faili la ufunguo liwe la root na kundi la rabbitmq, kwa chmod 640. Ukiona eacces kwenye logi, broka (RabbitMQ yenyewe) ameshindwa kulisoma, na mara nyingi ni saraka iliyo juu yake ndiyo imefungwa.

Cheti cha mteja hakichukui nafasi ya jina na nywila. Ili kitumike kumtambulisha, unahitaji programu-jalizi rabbitmq_auth_mechanism_ssl na utaratibu wa EXTERNAL (kuingia kwa cheti). Bila hivyo huduma inaonyesha cheti, halafu inaingia kwa nywila kama kawaida.

Upande wa Python, kwa pika (maktaba ya kuwasiliana na RabbitMQ), tengeneza ssl.create_default_context yenye cafile yako, pakia cheti cha huduma kwa load_cert_chain, kisha mpe pika.SSLOptions muktadha huo pamoja na jina la seva. Jina hilo lazima liwemo kwenye subjectAltName (orodha ya majina) ya cheti. Ukiunganisha kwa anwani ya IP ilhali cheti kina jina tu, uthibitisho utakataa, na ni haki yake kukataa. Usitatue hilo kwa CERT_NONE, yaani kuzima ukaguzi wa cheti. Toa cheti kingine.

Ukipenda kuandika anwani nzima, ni amqps://malipo:NYWILA@foleni.ndani:5671/malipo. Kinachofuata mkwaju wa mwisho ni jina la hosti pepe. Hosti pepe ya msingi inaitwa / yenyewe, hivyo huandikwa %2F. Nywila yenye @ huandikwa %40 na yenye # huandikwa %23. Nywila ya herufi na tarakimu tupu, ndefu ya kutosha, inaondoa usumbufu huu wote.

Muunganisho ukikataa, soma logi ya broka kabla ya kugusa msimbo. 403 yenye maneno Login was refused ni jina au nywila. Jaribu rabbitmqctl authenticate_user. 530 NOT_ALLOWED ni hosti pepe isiyokuwepo au isiyoruhusiwa kwa mtumiaji huyo. Ukiona bad_header ikifuatwa na tarakimu 22,3,1, mteja anaongea TLS kwenye poti isiyo ya TLS, kwani 22 ndiyo baiti inayofungua salamu ya TLS. Jaribu pia kwa openssl s_client -connect foleni.ndani:5671 pamoja na -CAfile, -cert na -key. Angalizo: kwenye TLS 1.3 seva hukataa cheti cha mteja baada ya upande wa mteja kuona salamu imekamilika. Kwa hiyo s_client inaweza kuandika Verify return code: 0 na muunganisho ukakatika papo hapo. Rudia kwa -tls1_2, kosa litaonekana mapema.

Kwenye fayawoli, 5671 ifunguliwe kwa seva za huduma hizo mbili tu. 15672 ya ukurasa wa usimamizi naipitisha kwenye SSH. 4369 na 25672 ni za nodi za RabbitMQ (seva zinazoiendesha) kuwasiliana, na anayezifikia akiwa na faili la .erlang.cookie (siri ya pamoja ya nodi) anaitawala nodi nzima, ruhusa zote nilizozieleza hapo juu zisiweze kumzuia.