Namba 23 na duara lake: kumbukumbu ya miezi miwili ya kusaka dawa udongoni

Wiki ya 1 na 2. Sampuli tano. Nafukua sentimita 10 hivi, maana juu ni majani yanayooza tu. Nimeanika udongo siku saba, kisha nikauweka saa nzima kwenye joto la nyuzi 55. Bakteria wengi hapo hufa, lakini spora (mbegu zao ngumu) za Streptomyces, bakteria wa udongoni wanaotengeneza dawa za kuua bakteria wengine, huvumilia, nami ndio ninaowataka. Baadaye gramu moja kwenye mililita 9 za maji ya chumvi, nikazimua kumi kwa kumi hadi mara laki moja, nikamwaga kwenye agari (jeli ya kuoteshea bakteria) ya wanga na kaseini. Nimetia nistatini, dawa ya kuua ukungu, la sivyo ukungu ungemeza kila kitu.

Wiki ya 3. Siku ya nne, hakuna kitu. Siku ya tisa, koloni kavu kama unga wa chaki, zimeng'ang'ania agari hata sindano inateleza juu yake. Ukifunua kifuniko kidogo tu, inakupiga harufu ya mvua ya kwanza. Hiyo ni jeosmini, wanaitengeneza wao wenyewe. (Kunusa sahani ni tabia mbaya, spora hupeperuka. Najua. Pua ilitangulia.)

Wiki ya 5 na 6. Nimetenga aina 41. Kila moja nakata kipande cha agari cha milimita 6, nakiweka juu ya sahani iliyopakwa bakteria wa Bacillus subtilis, na kingine juu ya E. coli K-12, aina ya maabara isiyoleta ugonjwa. Sita wameacha duara tupu kando yao, yaani mahali ambapo bakteria waliopakwa wameshindwa kuota. Watano wamemsumbua Bacillus peke yake. Namba 23 ametoa milimita 24 kwenye sahani zote mbili! Bakteria wa Gram-hasi kama E. coli wana utando wa pili wa nje, na dawa nyingi hugota hapo. Usiku huo sikulala vizuri, na kichwani nilikwisha kumpa jina.

Wiki ya 7. Furaha nimeifungia kabatini, nimeanza kutilia shaka. Namba 8 alikuwa anamwaga asidi tu: nilipotia bafa, kitu kinachozima asidi, kwenye agari, duara likatoweka. Namba 31 ameacha kazi baada ya kuhamishwa sahani mara tatu, jambo ambalo Streptomyces hulifanya bila kuomba ruhusa. Bahati nzuri nilikuwa nimegandisha akiba ya kila aina kwenye gliseroli siku ya kwanza, nimerudi kwenye kichupa chake cha awali.

Wiki ya 8. Pigo. Duara kubwa linaloua pande zote mbili lilinikumbusha streptothrisini, ambayo Selman Waksman na Boyd Woodruff waliitangaza mwaka 1942, mwaka mmoja kabla Albert Schatz hajapata streptomisini katika maabara hiyohiyo ya Rutgers. Haikuwa dawa ya watu kwa sababu inadhuru figo, lakini Streptomyces wengi wa udongoni wanaitengeneza. Nikaazima K-12 yenye jeni ya nat, inayoizima kemikali hiyo. Kipande cha Namba 23 juu yake: hakuna duara hata la milimita moja. Kikaratasi chenye tetrasaiklini, dawa nyingine ya kuua bakteria, kando yake kimeua kama kawaida, kwa hiyo sahani haina kasoro. Namba 23 ni mzee wa zaidi ya miaka 80.

Ningefanya jaribio hilo wiki ya 6, ningeokoa siku kumi na nne. Kupata duara ni rahisi. Kazi ni kuwatoa wazee mapema. Sasa sahani ya nat inaingia kwenye mzunguko wa kwanza kabisa.

Wiki ya 9. Nimemrudia Namba 17, ambaye nilimwandika "dhaifu" nikampita. Duara la milimita 10, kwa Bacillus tu. Nimemkuza kwenye mchuzi wa virutubisho siku saba, nikatikisa mchuzi huo na ethili asetati, kiyeyusho kinachoelea juu ya maji. Streptothrisini hupenda maji, hubaki chini; kinachopanda juu ni kitu kingine. Nimedondoshea karatasi tabaka la juu, nikaliacha likauke: milimita 12. Karatasi yenye ethili asetati tupu: sifuri.

Kesho natoa DNA yake ili jeni ya 16S, inayotumika kutambua aina ya bakteria, isomwe. Jina simpi.