Kikwetu, Siku ya Kusi

Tuliondoka Dar es Salaam asubuhi moja ya mwezi Juni tukiwa wanne ndani ya Cessna 206, ndege ya injini moja ambayo tajiri wangu aliiazima kwa rafiki yake ili tuuwahi mnada wa ufuta Lindi. Delta ya Rufiji na mikoko yake ilipita chini yetu, kisha Kilwa, nami niliyekaa nyuma nilisinzia.

Tulipokaribia uwanja wa Kikwetu, kaskazini ya mji wa Lindi, kusi ilikuwa imekwisha kuchangamka. Ndege ilishuka ikiwa imegeuza pua upande unakotoka upepo, mwendo wa kaa, kama inavyotakiwa upepo unapopiga ubavuni. Zilipobaki mita chache tu, upepo ulikatika ghafla, tukaanguka kwa kishindo, kisha tukarushwa tena juu. Baadaye rubani alikiri, bila kujitetea, kwamba hapo alipaswa kuongeza nguvu ya injini, apae na kuanza upya. Badala yake aliisukuma pua chini ili aibane ndege ardhini. Kishindo cha pili kikalipata gurudumu la mbele, ambalo halikuundwa kwa mzigo ule, likakunjika, na panga la injini likachimba ardhi.

Rubani alikata mafuta na umeme, akapaza sauti: "Tokeni!" Nilinusa petroli, na matangi ya ndege hii yamo mabawani, juu ya vichwa vya abiria. Mlango wa nyuma, ulio kulia, ukagoma. Sikujua kwamba katika Cessna 206 vibawa vya kupunguzia mwendo vikiwa vimeshushwa, kama wakati wa kutua, huziba kipande cha mbele cha mlango huo. Kabla hatujaruka tulielezwa habari za mikanda. Za mlango, hapana. Nilipanda juu ya viti nikatokea mlango wa rubani, upande wa kushoto, ngozi ya kiwiko ikiwa imechunika.

Mzee mmoja aliyetukimbilia alituambia, "Poleni sana wanangu, kusi ya leo hata mashua hazikutoka." Tajiri alikuwa tayari yuko kwenye simu akiulizia bei ya ufuta. Rubani alichuchumaa mbele ya panga lililopinda. Hata injini, alisema, itabidi ifunguliwe yote ikaguliwe.

Kurudi Dar nilipanda basi, na kabla ya kuketi nilimuuliza kondakta mlango wa dharura unafunguliwaje.