Sanduku la mawe kwa michoro ileile

Kila niliyemwonyesha katuni zangu za mwanzo alinipa dawa moja: ongeza michoro, mwendo utalainika. Sielewi kwa nini ushauri huo bado unatolewa kwa ujasiri kiasi hicho, kwa maana niliufuata hadi mwisho na ninajua unakofikisha. Nilikuwa na mhusika anayeinua sanduku lililojaa mawe kutoka sakafuni hadi juu ya meza. Nikachora michoro ya katikati, ile inayojaza nafasi kati ya mkao mmoja na mwingine, usiku kucha, mpaka kila fremu (picha moja moja ya filamu) kati ya 24 za sekunde moja ikawa na mchoro wake, yote ikiachana kwa umbali sawa. Mwendo ulilainika kweli, lakini sanduku likapaa mikononi mwake kama puto.

Nilirudi kwenye michoro 12 kwa sekunde, kila mmoja ukikaa fremu mbili, kiasi ambacho kinatosha kwa miendo mingi, kisha nikashughulikia peke yake hesabu ya fremu na nafasi kati ya mchoro na mchoro. Nilijirekodi kwa simu nikiinua mzigo mzito hasa, nikaipitia video fremu kwa fremu. Ajabu ni kwamba sehemu kubwa ya muda mzigo hausogei kabisa: vidole vinashika, nyonga zinashuka, mgongo unakazana, na mzigo bado uko palepale. Basi nikampa mhusika wangu fremu 14 za kuhangaika na sanduku lililogoma, nikaisogeza karibu karibu michoro ya sanduku linapoachana na sakafu, na kuitanua baadaye lilipokwisha kupata kasi.

Hila ninayojivunia zaidi ni ya sanduku la pili, lililo tupu. Sikuchora upya chochote. Nilipunguza zile fremu 14 zikabaki tatu, nikaondoa michoro miwili ya katikati, na mhusika yuleyule akalinyanyua sanduku kwa wepesi kiasi kwamba mikono ilionekana kama itapitiliza usawa wa meza. Waliotazama waliniuliza nilitumia muda gani kuichora michoro mipya, nami sikuwa na haraka ya kuwajibu.

Wapo pia wanaosema kitu kizito kidondoshwe upesi zaidi. Si kweli. Hewa ikiwekwa kando, jiwe na mpira huanguka kwa mwendo mmoja, na mita moja huchukua chini kidogo ya nusu sekunde, yaani fremu 11 hivi. Katika vipindi vinavyolingana umbali huongezeka kwa uwiano wa 1, 3, 5, 7, kwa hiyo nafasi kati ya michoro lazima itanuke kuelekea chini. Uzito huonekana baada ya kugonga: mpira hudunda mara kadhaa, kila mdundo ukiwa mfupi kuliko uliotangulia, ilhali sanduku la mawe hutikisika kidogo na kutulia.

Kabla ya kushika kalamu siku hizi huutamka mwendo wote kwa mdomo, pamoja na mguno wa kuvuta pumzi na "pu!" ya kutua, nikajirekodi na kuweka alama za fremu kwenye sauti hiyo. Walio nyumbani wameshazoea. Ni katika kurekodi huko nilipogundua kwamba mguno wa mwisho huja baada ya "pu!", nami nikaiacha mikono ya mhusika ibaki imelishika sanduku kwa fremu sita zaidi baada ya kulitua mezani.