Nilivyoshuka Bonde la Gorges, Mlima Kenya, baada ya kuambiwa nipite juu

Kila niliyemuuliza kuhusu Bonde la Gorges alinijibu kwa swali: "Kwani unatafuta nini kule chini?" Wengine walisema hakuna njia. Mmoja, mtu anayeheshimika sana miongoni mwa wapanda mlima ninaowafahamu, alinishauri nipite mgongoni mwa mlima, juu ya bonde, kama watu wote, nilale kwenye kibanda cha Austrian Hut, nifike kilele cha Lenana alfajiri, kisha nishukie njia ya Sirimon. "Bonde utaliona ukiwa juu, yatosha," alisema. Ushauri ule ulinikera na hadi leo unanikera. Njia ya Chogoria inasifiwa kuwa nzuri kuliko zote za Mlima Kenya, halafu wale wale wanaoisifu wanakukataza kuingia mahali penye uzuri wenyewe.

Kwa asiyelijua, bonde lenyewe liko upande wa mashariki wa mlima. Lilichongwa na barafu ya zama za kale, ndiyo maana sakafu yake ni pana na kuta zake zimesimama wima. Mto Nithi unapita ndani yake. Karibu na kichwa cha bonde kuna Ziwa Michaelson, kwenye mwinuko wa mita kama 4,000, na juu ya ziwa hilo limesimama jabali linaloitwa The Temple. Ukisimama ukingoni mwa jabali hilo, ziwa liko kiasi cha mita 300 chini ya vidole vyako. Karibu wote wanaopita njia ya mgongoni husimama hapo, hupiga picha na kuondoka. Mimi nilitaka kulala kando ya yale maji.

Safari ya kufika mlimani haina mengi. Unashuka Chogoria mjini, unapanda Landrova hadi langoni, kilomita kama 30 za msitu na mianzi, na njia ikiwa na tope utalipa elfu kadhaa zaidi, hakuna wa kubishana naye. Ada za hifadhi unazilipa kwa eCitizen. Zilipe ukiwa bado mjini penye mtandao. Nilimwona baba mmoja akizunguka na simu hewani kutafuta mtandao huku watoto wake wakitetemeka ndani ya gari.

Safari yangu ya kwanza ilikwama juu ya The Temple. Tulikuwa tumepiga hema Hall Tarns, mita 4,300 hivi, kati ya vile viziwa vidogo vilivyotapakaa juu ya mwamba. Tulipofika ilikuwa mchana, na ukungu ulikuwa umeshapanda kutoka bondeni. Tukaenda hadi ukingoni, hatua za mwisho tukitambaa kwa tumbo. Weupe mtupu. Sauti ya maji ilitoka chini kushoto, upepo ukageuka, sauti ikahamia kulia. Kiongozi wangu alikuwa kijana wa Chogoria, mwenye nguvu na adabu, lakini kazi yake ilikuwa ya njia ya mgongoni. Bondeni alikuwa ameshuka zamani akiwa mpagazi, mzigo kichwani, akifuata visigino vya wenzake. Akaniambia, "Mama, tushuke tu. Maji nayasikia, tukiyafuata tutafika ziwani."

Nikamwambia, "Hapana, mwanangu. Maji hushukia hata pasipopitika na mtu."

Alinyamaza kidogo, akatazama tena ule weupe, akasema, "Ni kweli, mama." Usiku kucha mvua ya barafu ilipiga hema. Asubuhi ukungu ulikuwa palepale. Gesi ya kupikia ilikuwa inaelekea kwisha, na mpagazi mmoja alikuwa na kichwa kinachomuuma tangu jana yake. Tukashuka tulikotoka. Wale washauri walifurahi sana kusikia nimerudi. Mimi najivunia uamuzi ule kuliko kilele chochote nilichowahi kufika, na nitawaambia wanangu vivyo hivyo.

Nilirudi Februari, msimu wa kiangazi, na kijana yule yule, kwa sababu mtu aliyekubali kusikilizana nami kwenye ukungu ndiye ninayemtaka kwenye jua. Safari hii tulikaa usiku wa ziada Ziwa Ellis, mita kama 3,500, mwili uzoee. Usiuruke usiku huo hata mwenzako akikuambia anajisikia vizuri. Watu wengi wanaoumwa na mlima huu wanaumwa kwa sababu gari liliwapandisha juu haraka, wakaendelea kwa miguu kwa haraka ile ile.

Sasa nieleze tulivyoipata njia, maana hapo ndipo wengi hukwama. Mlima Kenya una desturi yake: alfajiri anga huwa safi, na kabla ya saa sita mchana mawingu yameshapanda. Bonde la Gorges nalo limefungua mdomo mashariki, kwa hiyo jua likichomoza linaingia moja kwa moja ndani, likiwa bado chini. Mwanga wa kulala namna ile unatia kivuli katika kila mfereji. Njia ambayo mchana haionekani kabisa, saa moja asubuhi inaonekana kama mstari wa penseli.

Basi nikalala kifudifudi juu ya The Temple, kijana ameshika miguu yangu, nikapiga picha kwa simu: kichwa cha bonde, ukuta wa kushukia, ziwa, mto unakotokea. Tukarudi hemani, tukazikuza picha zile, tukakubaliana alama moja moja. Jiwe kubwa lililopasuka katikati. Safu ya zile senesio ndefu kupita mtu zenye vichwa vya majani. Mahali ambapo kijito kinageuka na kuacha kokoto nyeupe. Nikauchora mstari mwekundu kwa kidole juu ya picha. Simu yenyewe niliibeba tumboni chini ya sweta, kwa sababu baridi ya huko inamaliza betri hata kama hujaigusa.

Njia ya kushuka haianzii kwenye jabali. Unaliacha, unatembea hadi mahali ambapo ukuta unalegea, ndipo unaanza kushuka kwa mizunguko. Kokoto zinateleza na nyasi za mafungu zinadanganya mguu. Fimbo mbili ni lazima. Kila tulipofika kwenye alama nilitoa simu, tukalinganisha. Tulipotaka kuhakikisha tulikotoka, niligeuka nyuma na kuigeuza simu juu chini kama mtu anavyogeuza ramani, kushoto na kulia kwa picha kukalingana na tulichokiona. Kijana alipoona hivyo alicheka kwa furaha, akaomba nimtumie picha zote. Lile jiwe lililopasuka tulilikuta palepale, na ndani ya ule ufa pimbi wawili wameketi wanaota jua, hawana habari nasi.

Ziwani nilikaa bila kusema kitu kwa muda mrefu. Kuta pande zote, maji ya kijani kibichi, na The Temple juu, kule nilikotambaa kwa tumbo. Mashavu yangu yalikuwa yamelowa machozi na sikuona haya mbele ya vijana.

Alfajiri iliyofuata niliamka kuitazama lobelia moja iliyokuwa hatua chache kutoka hemani. Majani yake hupangana duara na kukusanya maji katikati. Usiku maji hayo huganda juu, na tabaka hilo la barafu ndilo linalokinga kichipukizi kilicho chini yake. Nilibonyeza kwa kidole: barafu nyembamba ikapasuka, chini yake maji, nayo hayakuwa yameganda. Senesio nazo zilikuwa zimefunga majani yao kwa usiku. Jua lilipozifikia zikaanza kufunguka, na ndege chozi wakaja kwenye maua ya lobelia.

Kulala bondeni kuna faida nyingine ambayo wale washauri hawakuitaja. Austrian Hut iko mita 4,790. Nimewahi kulala huko na sikulala, moyo ulidunda hadi asubuhi. Ukitoka Hall Tarns na kushuka ziwani unalala chini zaidi kuliko ulikofika mchana, na mwili unashukuru. Chupa ya maji ya moto ndani ya soksi, iwe miguuni ndani ya mfuko wa kulalia, nayo asubuhi ndiyo maji yako ya kunywa ambayo hayakuganda.

Kutoka bondeni tulipanda kichwa chake hadi Simba Col, pengo la mlimani lililo zaidi ya mita 4,600, kisha tukateremkia kambi ya Shipton's na kutokea Sirimon. Mpando ule ni mrefu, wa kokoto zinazorudi nyuma. Tulipanda polepole tukisimama kila mara, na saa nne asubuhi tulikuwa juu, anga bado safi, vilele vya Batian na Nelion viko mbele yetu.

Watu wanaposikia nimepita Chogoria, swali lao la kwanza ni kama nilifika Lenana. Safari hii sikufika, na sikutaka. Kilele kilikuwa karibu na miguu ilikuwa na nguvu, lakini saa ambazo ningezitumia huko nilishazitumia kando ya ziwa. Ukienda, mwambie kiongozi wako mapema, kabla ya kuondoka Chogoria, kwamba unataka kulala Michaelson, ili anunue gesi na chakula cha kutosha na achague wapagazi waliowahi kushuka huko. Ukimwambia ukiwa Hall Tarns atakuambia upite juu, naye atakuwa na haki, kwa sababu mzigo aliobeba ni wa njia ya juu.