Kabla ya injini nilitazama chini: nilivyonunua Mercury Grand Marquis ya mwaka 2005

Nyumbani kwetu tuko sita: mimi, mke wangu, watoto watatu na mama mkwe, ambaye alikuja kutoka Tanga kwa ziara ya miezi mitatu na sasa anaingia mwaka wa pili. Kwa muda wote huo tulikuwa na gari dogo la viti vitano hapa Columbus, Ohio, jambo lililomaanisha kwamba kila mwaliko wa harusi au msiba ulianza kwa kumpigia simu jirani. Mke wangu alitaka gari la familia lenye milango ya kuteleza, kama walivyo nayo karibu wazazi wote shuleni kwa watoto wetu. Mimi nilitaka saluni ya Kimarekani ya zamani, ile ndefu, yenye injini ya silinda nane mbele, difu nyuma ili magurudumu ya nyuma ndiyo yasukume, na kiti cha mbele kilicho kama benchi ili watu watatu wakae safu moja. Sitadai kwamba niliongozwa na hesabu peke yake. Baba yangu aliendesha Peugeot 504 kwa zaidi ya miaka ishirini, na mtu aliyekua akisikia propela shafti ikizunguka chini ya miguu yake hapendezwi kirahisi na gari linalovutwa na magurudumu ya mbele.

Kwa anayetafuta saluni ya aina hiyo kwa bei ya mtu wa kawaida, uchaguzi huishia kwenye ndugu watatu wa kampuni ya Ford: Crown Victoria, Mercury Grand Marquis na Lincoln Town Car. Wote watatu walijengwa juu ya chesisi moja iliyoitwa Panther, iliyoanza na magari ya mwaka 1979 na kudumu hadi 2011. Bodi yao haikuungana na chesisi kama ilivyo kwa saluni nyingi za leo, bali imekaa juu ya fremu ya chuma na kufungwa kwa bolti, kama lori dogo. Ndiyo sababu polisi na madereva wa teksi waliyapenda: gari linapanda ukingo wa barabara, linagongwa, fundi anabadilisha kipande kilichoharibika, na kesho yake liko kazini. Gari la mwisho lilitoka katika kiwanda cha St. Thomas, jimbo la Ontario nchini Kanada, tarehe 15 Septemba 2011, nalo lilikuwa Crown Victoria lililokuwa likisafirishwa kwenda Saudia. Wasomaji walioishi Ghuba hawatashangaa, kwa maana huko gari hili lilikuwa na heshima yake barabarani.

Niliamua mapema kwamba sitanunua lililotengenezwa kabla ya mwaka 2003. Katika mwaka huo sehemu ya mbele ya fremu ilisanifiwa upya na stelingi ya zamani, iliyokuwa na mchezo mwingi, yaani unaizungusha kidogo na magurudumu hayageuki, ikabadilishwa kwa mfumo wa reki, ambamo gia husukuma fimbo yenye meno. Zaidi ya hayo, injini nyingi za lita 4.6 za kati ya 1996 na 2001 zilifungwa manifoldi ya plastiki, yaani bomba la kugawa hewa kwa silinda, ambayo njia yake ya maji, upande wa mbele, ina desturi ya kupasuka na kumwaga maji ya rejeta. Wengi wamekwisha kuzibadilisha kwa zile zenye kipande cha alumini, lakini muuzaji akisema imebadilishwa, nawe ukaona doa jeupe lililokauka karibu na alteneta, maneno yake hayana uzito.

Gari la kwanza nililoliona lilikuwa Crown Victoria la mwaka 2009, jeupe, katika yadi moja pembezoni mwa mji. Muuzaji aliniambia kwa utulivu kabisa kwamba lilikuwa gari la ofisini, likiendeshwa na meneja mmoja tu. Niliinama kwenye kioo cha mbele nikasoma namba ya chesisi: kuanzia nafasi ya tano hadi ya saba palikuwa na P71, alama ya magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya polisi. Baada ya hapo kila kitu kilijieleza chenyewe. Kwenye paa palikuwa na tundu la antena lililozibwa kwa kifuniko cha mpira, milango ya nyuma haikufunguka kwa ndani, na sakafu ilikuwa ya raba badala ya zulia. Nilimwomba awashe gari, nikabonyeza kitufe cha dashibodi mpaka saa za injini zikatokea: saa 9,100, wakati maili zilikuwa 98,000. Gawanya mwenyewe. Ni wastani wa chini ya maili 11 kwa saa, kwa gari ambalo kazi yake ilikuwa kufukuza watu kwenye barabara kuu. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya maisha yake limesimama mahali injini ikiunguruma, usiku kucha, ili taa na redio zisinyonye betri na askari asipigwe na baridi. Kisahani cha maili hakihesabu saa hizo, ingawa oili, cheni na rejeta zinazihesabu. Sisemi kwamba magari ya polisi yote ni mabaya, kwani mengi yamefungwa kipozeo cha oili na springi ngumu zaidi ya zile za raia. Ninachosema ni kwamba anayenunua la polisi anunue akijua ni la polisi, na kwa bei ya polisi.

La pili lilikuwa Lincoln Town Car, zuri kama chumba cha wageni, lakini nyuma lilikuwa limechuchumaa. Town Car hubebwa nyuma na mifuko ya hewa badala ya springi za chuma, na mpira wa mifuko hiyo ukizeeka hupasuka. Dawa yake ni rahisi, maana watu hufunga springi za kawaida na kusahau habari hiyo, lakini mwenye gari hakutaka kupunguza hata dola mia. Tuliagana vizuri.

Kwa gari la tatu nilimchukua fundi. Ni kijana kutoka Bukavu, Kongo, ana gereji ya milango miwili, na Kiswahili chetu hukutana katikati bila taabu. Nilikuwa nimempigia simu nikimsifia rangi ya gari nililoliona kwenye picha, kijivu cha fedha bila mkwaruzo. Alinisikiliza, kisha akasema, akiniita kaka kwa Kiswahili cha kwao, “Yaya, gari inaozaka chini, hapana juu.” Hapa Ohio barabara humwagiwa chumvi wakati wote wa baridi ili theluji iyeyuke, na maji hayo ya chumvi huingia kwenye fremu, kwenye mabomba ya breki na mahali ambapo bodi inakalia chesisi. Gari linaweza kuwa na injini ya kukimbia maili 300,000 na fremu isiyoweza kushikilia jeki.

Mwenye gari alikuwa bibi wa zaidi ya miaka themanini, mjane, katika mtaa tulivu wa nyumba za matofali. Grand Marquis lilikuwa ndani ya gereji, na kutoka kwenye dari ya gereji hiyo uliteremka uzi uliofungwa mpira wa tenisi, ukigusa kioo cha mbele katikati kabisa. Marehemu mume wake aliuning'iniza hapo ili ajue pa kusimama, kwa sababu gari lina urefu wa karibu mita 5.4 na gereji ilikuwa imelizidi kwa viganja viwili tu. Moyo wangu ulishuka kidogo nilipoona gereji ina kifaa cha kutia joto. Watu hudhani gari lililolala ndani limeponea, kumbe likiingia na theluji yenye chumvi chini yake, ile joto huiyeyusha na kuifanya kutu ifanye kazi usiku mzima, wakati gari lililoachwa nje angalau linaganda.

Fundi hakufungua hata boneti. Alitandika boksi la karatasi sakafuni, akaingia chini na tochi, bisibisi na kipande cha sumaku, na kwa dakika nzima nilichosikia ni mlio wa bisibisi ikigonga chuma: ngo, ngo, ngo. Chuma kizima hulia hivyo. Kilicholiwa hutoa sauti ya boksi, au hakitoi sauti kwa sababu bisibisi imezama. Alikwenda kwenye reli za fremu juu ya ekseli ya nyuma, mahali ambapo matope hukaa, kisha kwenye mabomba ya breki, kisha akapitisha sumaku chini ya milango ili kuona kama kuna mahali palipojazwa puti, ambayo sumaku haiishiki. Ilishika kila mahali. Alipotoka aliuliza swali moja tu: gari hili lilikuwa likikaa wapi wakati wa baridi?

Bibi akacheka. Kila mwezi wa Novemba, alisema, yeye na mumewe walikuwa wakienda Florida na kurudi Aprili, na baada ya mumewe kufariki gari halikutoka tena theluji ikianguka. Alileta mfuko wa mkate uliojaa risiti za kubadilisha oili, nusu yake zikiwa za gereji za Florida zenye tarehe za Desemba, Januari na Februari. Maili zilikuwa 71,000, na zilipanda kwa mpangilio kutoka risiti moja hadi nyingine. Hilo lilinipa faraja kuliko kisahani chenyewe, kwa kuwa sheria ya Marekani haimlazimishi tena muuzaji wa gari la umri huo kuthibitisha kwa maandishi maili zilizotembea.

Ndipo tulipofungua boneti, na hapo sina mengi ya kueleza kwa sababu hapakuwa na mengi ya kuona. Oili ilikuwa ya rangi ya chai, maji ya rejeta yalikuwa safi, na mbele ya manifoldi palikuwa pakavu. Tulitoka nalo barabarani. Fundi aliniagiza nishike mwendo wa maili 45 kwa saa, mguu ukiwa mwepesi kwenye mafuta, kwa kuwa gia boksi ya magari haya, mafuta yake yakichoka, hutetema mwendo huo kana kwamba unapita juu ya rasta. Tulipoanza kupanda daraja ikatetema, kidogo, kwa sekunde mbili hivi, kisha ikatulia. “Mafuta,” akasema fundi. Tuliporudi tuliacha taa za mbele zikiwaka nusu saa nzima tukinywa juisi ya bibi, kwa sababu kifaa kinachosimamia taa katika magari ya miaka hiyo kina sifa ya kuzima taa kikishapata moto. Hazikuzima.

Bibi alitaka dola 4,000. Nilimweleza habari ya gia boksi bila kuikuza, tukaelewana kwa 3,600. Hapo aliinuka, akachukua kalamu na kuivuta hati ya umiliki ili aweke saini palepale mezani, nami nilimshika mkono kabla wino haujagusa karatasi. Katika jimbo la Ohio muuzaji lazima atie saini mbele ya mthibitishaji anayetambuliwa kisheria. Akiitia jikoni kwake, hati hiyo inaweza kukataliwa na mkaanza safari ya kuomba nyingine. Tulikwenda benki yake, ambako mthibitishaji yupo, nikalipa kwa hundi ya benki hiyohiyo, kisha mimi nikaenda ofisi ya hati ya karani wa mahakama ya kaunti kubadilisha jina. Namba za gari alibaki nazo, maana hapa hufuata mtu, hazifuati gari.

Tangu hapo nimemwaga mafuta yote ya gia boksi na kuweka mapya, na ule mtetemo haujarudi. Nimebadilisha pulagi zote nane, ambapo fundi alinikataza kuzifungua injini ikiwa ya moto, akihofia kuharibu nyuzi za matundu yake kwenye vichwa vya injini, ambavyo ni vya alumini. Nimenunua pia matairi manne ya baridi ya saizi 225/60R16, yote manne na si mawili ya nyuma tu, kwa sababu gari linalosukumwa kutoka nyuma likipata mshiko nyuma na kuukosa mbele litakupeleka mtaroni likiwa limenyooka. Mjini linatumia galoni moja kwa maili 17, yaani kama kilomita 7 kwa lita, na barabara kuu hufika maili 24. Mke wangu ameziandika takwimu hizo kwenye mlango wa friji. Mama mkwe, ambaye hukaa nyuma upande wa kulia na kulala kabla hatujafika taa za kwanza, anasema hajawahi kupanda gari lisilomuumiza kiuno isipokuwa hili. Binti yetu wa miaka 15 hukaa mbele katikati, na kwa kuwa gia iko kwenye stelingi, miguu yake haina cha kugombana nacho.

Siku ya kulichukua, bibi alipanda ngazi fupi, akaukata ule uzi kwa mkasi na kunipa mpira wa tenisi. Nilimwambia kwamba mimi naishi kwenye ghorofa za kupanga na sina gereji. Alisema hata yeye sasa hana cha kuegesha. Nikautupa kwenye buti, ambalo ni kubwa kiasi kwamba huwezi kuufikia mkono ukiwa umesimama nje, na huko uko mpaka leo: kila nikikata kona nausikia ukibiringika kutoka upande mmoja, ukikawia, kisha ukigonga upande wa pili.