Jumapili ya Mafundi wa Bati, Kibuye

"Nyinyi ni watu wa kupima?"

Swali lilitoka kwa mzee aliyeketi juu ya kigoda, kipande cha reli kimelazwa mbele ya magoti yake, nyundo mkononi. Hakuuliza kwa ukali. Lakini majirani zake waliposikia neno kupima wakaacha kugonga, mmoja baada ya mwingine, hadi safu nzima ikanyamaza. Aliyewahi kupita upande wa mafundi wa bati katika soko la Kibuye, Kisumu, anajua kimya cha namna hiyo si cha kawaida. Pale nyundo hazinyamazi hata kwa salamu.

Ilikuwa Jumapili moja ya Septemba 2023, na Jumapili ndiyo siku kubwa ya Kibuye. Tulikuwa kikundi kidogo cha wachoraji: mwalimu wa sanaa aliyestaafu, ambaye sote tulimwita Mwalimu tu, mchoraji wa mabango kutoka mtaa wa Kondele, wanafunzi wawili wa usanifu majengo, dada mmoja mshonaji anayechora mitindo ya nguo, na mimi. Mwanafunzi mmoja alikuwa amenyoosha mkono wake wote mbele, jicho moja amelifumba, kidole gumba kinapanda na kushuka juu ya penseli. Wachoraji hufanya hivyo kila mara. Unalinganisha urefu wa nguzo na upana wa kibanda, kisha unahamisha uwiano huo kwenye karatasi. Mkono lazima unyooke kabisa, maana ukiukunja kidogo tu kipimo chako kinabadilika. Sasa mtazame kijana huyo kwa macho ya mfanyabiashara ambaye katika mji huu ameona vibanda vikibomolewa. Kabla ya matingatinga huja watu wenye karatasi na penseli, nao hawasemi wamefuata nini.

Mwalimu hakujibu kwa maneno mengi. "La, mzee wangu. Sisi tunachora kazi za watu." Akampa daftari lake lenyewe.

Mzee akafuta mikono kwenye suruali kabla ya kulipokea, jambo ambalo sijalisahau. Akafungua kurasa taratibu. Akaona mnara wa saa wa barabara ya Oginga Odinga, ule uliosimama pale tangu 1938. Akaona msikiti wa Jamia, akaona mitumbwi ya Dunga imevutwa mchangani. Kwenye ukurasa wa mnara akasimama, akalisogeza daftari karibu na uso.

"Huyu muuza magazeti namjua," akasema. Akawageukia majirani. "Ni huyu wa pale chini ya saa. Hata kofia ni yake."

Daftari likapita mkono kwa mkono. Nyundo zikarudi. Mzee akanionyesha mahali kando yake: "Keti hapa. Ukikaa kule cheche za welding zitakuchoma." Akanisukumia kigoda cha pili kwa mguu.

Nieleze kidogo kwa nini hatukupiga picha kwa simu tukaenda kuchora nyumbani, kwenye meza safi na feni juu. Mwaka 2007, Gabriel Campanario, mwandishi mchoraji wa gazeti huko Seattle, Marekani, alianzisha mtandaoni kundi la watu wanaochora miji yao. Kundi hilo likawa Urban Sketchers, na leo lina matawi katika nchi nyingi. Sisi hatukuwa tawi la mtu. Tulichokuwa tumekichukua kwao ni sharti lao la kwanza: chora ukiwa mahali penyewe, kile unachokiona kwa macho yako. Nililipenda sharti hilo tangu nilipolisoma, lakini thamani yake niliipata pale Kibuye. Simu ingemnasa yule mzee kwa kufumba na kufumbua na mimi ningekwenda zangu. Mchoro ulinilazimu kukaa, na aliyekaa huulizwa maswali, hupewa chai, hufundishwa.

Ndiyo, nilifundishwa, na nitasimulia jinsi ilivyokuwa.

Kigoda kile kilikuwa kifupi mno, magoti yangu yalikaribia kifua. Nilipotulia nikagundua soko limebadilika. Ukisimama, jiko lililo chini miguuni pako unaliona mdomo wake karibu kuwa duara kamili. Ukiketi chini, jicho linashuka, na mdomo uleule unajibana ukawa duaradufu nyembamba. Sufuria zilizopangwa kwenye rafu, sawasawa na usawa wa jicho langu, midomo yake ilikuwa mistari tu. Zile zilizotundikwa juu zaidi nilizionea matako. Mwalimu alikuwa ametufundisha jambo hili mara nyingi kwa vikombe juu ya meza, lakini hapa kulikuwa na mamia ya midomo ya duara, kila mmoja kwa kimo chake, na kila mmoja ukinionyesha wazi mstari wa jicho langu unapita wapi. Sijaona darasa bora zaidi la umbo hilo, na sidhani nitaliona. Na yule mzee ameitazama Kibuye kutoka kwenye kimo kile maisha yake ya kazi yote. Watu wanaosimama mbele yake ni warefu, wana miguu mikubwa na nyuso za mbali. Nikaamua kuchora hivyo hivyo, kutoka kwake.

Alikuwa akitengeneza majiko ya makaa, yale yenye kiuno. Wengi wetu tumekua nayo jikoni bila kuuliza kiuno kile kilitoka wapi. Ni jiko lililobuniwa hapa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980; wazo la kuweka udongo wa kuchomwa ndani ya bati lilitokana na jiko la ndoo la Thailand, na hapa likapewa umbo jipya: juu pana, katikati jembamba, chini pana tena. Sehemu ya juu hubeba bakuli la udongo lililogandishwa kwa saruji, nalo ndilo linalozuia joto lisipotee ubavuni, ndiyo maana makaa hudumu. Chini ni mahali pa majivu, penye kimlango cha kuingizia hewa. Kwa mchoraji, kiuno kile ni kazi ngumu. Una duaradufu ya mdomo, ya kiuno na ya kitako, na kila iliyo chini lazima ifunguke kidogo zaidi ya iliyo juu yake, la sivyo jiko litaonekana limelala upande.

Mikono ya mzee ilinipa taabu ya kwanza na raha ya kwanza. Mtu anayetembea sokoni ukimkosa amekwenda. Anayegonga hurudi. Nilianza mikono kadhaa ukurasa mzima, huu umeinuka, ule umeshuka, nikingoja pozi lilelile lijirudie ili niongeze kidole, kisha kifundo, kisha kivuli cha mpini. Kutoka ng'ambo ya barabara nyimbo za misa ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Theresa zilikuwa zikitufikia, zikikatwakatwa na nyundo.

Kijana wake wa kazi akaja kusimama nyuma yangu. Akatazama, akacheka.

"Mzee, huyu amekuchora umeshika nyundo karibu na kichwa. Hivyo utagonga nini?"

Mzee akaegemea, akautazama ukurasa kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. "Yuko sawa. Hapa nilikuwa nakunja ukingo." Akachukua nyundo akamwonyesha kijana, sio mimi. Ukishika mwisho wa mpini, nyundo inashuka kwa uzito wake, hiyo ni ya kunyoosha bati. Ukishika karibu na kichwa, unaiongoza, hiyo ni ya ukingo. "Wewe unashika mwisho kila wakati. Ndiyo maana kingo zako zinapasuka."

Nilifurahi mno. Sikujua chochote kuhusu kingo; nilikuwa nimechora nilichokiona tu, na kilichoonekana kilikuwa na sababu ambayo mwenye kazi aliitambua mara moja.

Halafu akataka kujua nilivyopata kile kiuno. Nikamwonyesha duaradufu tatu, nikamweleza habari ya usawa wa jicho. Alisikiliza akitikisa kichwa. Kisha akavuta bati bapa, akapigilia msumari kwenye ubao, akafunga uzi, na kwenye ncha ya uzi akafunga msumari mwingine. Akachora tao moja refu. Akafupisha uzi, akachora tao la pili ndani ya la kwanza, kitovu kilekile. Akakata kwa mkasi wa bati, akapata kipande kilichopinda. Akakikunja kwenye magoti, kingo mbili zikakutana, na palepale nikaona nusu ya juu ya jiko, pana juu, nyembamba chini.

"Ukikata mstatili," akasema, "utapata pipa. Kiuno kinatoka kwenye huu uzi."

Niliduwaa. Mimi natazama kitu kizima kilicho mbele yangu na kazi yangu yote ni kukilaza kwenye karatasi bapa. Yeye anatazama bati bapa na tayari ameona kitu kizima. Tulikuwa tumeketi bega kwa bega tukifanya safari moja, yeye akitokea upande huu na mimi upande ule, na hakuna aliyewahi kuniambia darasani kwamba fundi wa majiko ni mtu wa jometri. Nadhani wachoraji wengi tungechora vizuri zaidi tungepitia kwanza kwenye mikono ya mafundi wa bati.

Saa sita ilipopita, jua lilikuwa limesimama utosini. Kisumu iko kusini kidogo tu mwa ikweta, na mwezi wa Septemba jua hupita juu yetu kabisa. Kivuli cha mtu humwingia chini ya miguu. Vitu vikapoteza umbo, nasi tukasogea chini ya maturubai.

Wenzangu walikuwa wametawanyika. Mchoraji wa mabango hakuwa ametoa hata penseli. Alikuwa ameomba kipande cha makaa kwa muuzaji, akachana mfuko mtupu wa saruji, akachora kwenye karatasi yake ya kahawia. Makaa hukamata vizuri kwenye karatasi ile, na kahawia yenyewe inakuwa ngozi ya watu bila kupakwa kitu. Dada mshonaji alikuwa kwenye mitumba, akichora milima ya nguo. Yule mwanafunzi aliyenyoosha mkono alikuwa amekimbilia kwenye samaki, akamchora mama muuza omena, wale dagaa wa ziwani, na gorogoro yake, kopo la kupimia.

Desturi ya vikundi kama vyetu ni kwamba mwishoni michoro yote hulazwa chini, pamoja, itazamwe. Tukatandika gunia mbele ya kibanda cha mzee. Nilitegemea tutazame sisi kwa sisi. Soko likaja. Akaja mama wa omena na watoto wawili, wakaja wabeba mizigo, wakaja mafundi. Hawakuzungumza habari ya mistari mizuri. Walitafuta watu wao na vitu vyao, na pale kitu kilipopungua, walisema.

"Nyathina, mwanangu," mama wa omena akamwambia mwanafunzi, "gorogoro yangu umeikata sawa na mdomo. Mimi huweka kilele. Mteja akiona hii atasema mama huyu ananyima."

Mwanafunzi akapiga magoti palepale, akaongeza kilele. Mama akaelekeza hadi kikatosha. Mimi nilitazama mchoro kabla na baada, na ninasema kwa dhati ulikuwa mchoro tofauti. Wa kwanza ulikuwa na kopo la samaki. Wa pili ulikuwa na mwanamke anayejulikana sokoni kwa mkono wake wa kupimia.

Mzee naye aliuchukua wangu. Akaomba penseli. Kando ya jiko, kwenye nafasi nyeupe niliyoiacha, akachora matao yake mawili yenye kitovu kimoja, bila uzi, kwa mkono mtupu, yakatoka safi. Akanirudishia penseli, ukurasa akabaki nao.

"Hii niachie," akasema. "Andika hapa juu: majiko, Kibuye. Na namba ya simu."

Nikaandika. Nikaupiga picha kwa simu, kisha nikauchana kwenye daftari, akautundika kwa msumari kwenye nguzo ya kibanda. Mchoraji wa mabango, ambaye alikuwa akitazama haya yote na mkono mweusi kwa makaa, akatikisa kichwa.

"Mzee, karatasi hiyo mvua ya leo jioni itaimaliza. Nipe shiti la bati nikuchoree ya kudumu, kwa rangi ya mafuta."

"Shilingi ngapi, omera, ndugu yangu?"

"Sitaki pesa. Mke wangu anataka jiko."

Wakabishana kuhusu saizi. Mchoraji alitaka kubwa, mzee akasema bango la kibanda kidogo haliwezi kununua jiko la hoteli. Wakakubaliana la kati, lenye udongo ndani, lichukuliwe Jumapili inayofuata, bango likiwa limekauka.