Orodha ya nyimbo iliyokuwa ikiumaliza mkono wa kulia

Tatizo: kufikia wimbo wa saba, mkono wa kulia wa mpiga drams umekaza, kasi inashuka na mpiga besi anageuka kuangalia kulikoni. Kuongeza mazoezi hakukusaidia. Bendi ya kopi (inayopiga nyimbo za wengine) huchagua nyimbo kwa kupendwa tu, bila kuuliza zinadai nini kwenye drams.

Dawa ilikuwa kuupima kila wimbo kwa metronomu (kifaa kinachogonga kasi iliyopangwa) kabla ya kuukubali, na kuandika mambo mawili: midundo kwa dakika, na kiungo kinachobeba mzigo. Wimbo wa midundo 100 ambao hai-hati (matoazi mawili yaliyopachikwa juu ya kanyagio) inapigwa mara nne kwa kila mdundo, mkono mmoja, ni mapigo 400 kwa dakika. Wa midundo 140 wenye mapigo mawili kwa kila mdundo ni 280 tu. Kwa hiyo ule unaosikika wa taratibu ndio unaochosha zaidi, na hapo wengi huingia mkenge.

Nyimbo mbili za mkono mmoja hazifuatani tena. Katikati unakaa wa polepole, ikiwezekana wa brashi (fimbo za nyuzi zenye mlio laini). Inapowezekana, mapigo ya hai-hati yanagawanywa mikono miwili, wa kulia ukishukia sneya (ngoma yenye mlio mkali) kwenye mdundo wa 2 na wa 4 katika kila midundo minne. Ladha hubadilika kidogo (mwanya wa hai-hati unasikika pale sneya inapolia), lakini mkono unapona.

Wimbo mpya hupigwa mara mbili mfululizo na kurekodiwa kwa simu. Ukiteleza zaidi ya midundo 4 kwa dakika kutoka kasi ya mwanzo, unasubiri.